Je, watoto wetu wa sekondari hufurahia likizo ya familia melini? Naombeni uzoefu wenu

BabaWawili_Njiro

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandika kutoka Njiro, Arusha, nikiomba uzoefu wa wazazi waliowahi kusafiri kwa meli ya kitalii wakiwa na watoto wakubwa, hasa wenye umri wa kati ya miaka 13 na 17. Kwa wadogo sina shaka, kwa kuwa mtoto wa miaka saba ukimpa maji ya kuchezea na aiskrimu siku imekwisha. Hawa wakubwa ndio wanaoninyima usingizi.

Kaka yangu anafanya kazi Johannesburg. Mwaka huu amependekeza kwamba katikati ya Desemba, shule zikishafungwa huku na kule, familia zetu mbili zikutane Durban, tupande meli kwa usiku nne hadi pwani ya Msumbiji na kurudi, kisha mimi na wangu tuwahi Krismasi kwa wazee Marangu kama ilivyo desturi. Viza si kikwazo, kwa sababu Mtanzania huingia Afrika Kusini kwa matembezi ya muda mfupi bila viza. Kikwazo ni fedha: nauli ya ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) pamoja na gharama ya meli ni akiba yetu ya karibu miaka miwili, na sitaki kuimwaga baharini kwa ajili ya watoto ambao watakaa siku nne wamenuna.

Nina mvulana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya bweni, na binti wa miaka 13 aliyeanza kidato cha kwanza. Binti alipopata habari aliuliza kama kuna intaneti. Nilipomwambia kwamba inalipiwa peke yake na haimo katika nauli, alinyamaza. Mvulana nilimkuta uani anasugua njumu zake bombani kwa mswaki wa zamani, nikamweleza safari yote, urefu wa meli, mabwawa ya kuogelea, sinema, vyakula. Hakuinua kichwa. Aliuliza jambo moja tu: «Tutakuwa na nani huko?» Nikamjibu, «Na sisi, mimi na mama yako, na baba yako mkubwa.» Akasema, «Sawa baba,» akaendelea kusugua. Ile «sawa baba» imenikaa moyoni wiki nzima. Nimejiuliza kama nimelea mtoto asiye na shukrani, au kama kuna jambo ambalo ameliona nami sijaliona.

Kuna na suala la mama yao. Mke wangu ni mzaliwa wa Bukoba, na watu wa kwao hawajasahau tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria na mamia ya watu wakiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Akisikia neno meli anawaza hilo kwanza, na akifikiria vijana wake wakizurura usiku juu ya sitaha wakati yeye amelala, hali inakuwa nzito zaidi. Sitaki kumwambia maneno matupu ya kumtuliza. Nataka kujua mambo yalivyo.

Kwa hiyo naomba waliokwenda waniambie kwa ukweli: je, vijana wa umri huu hufurahia, au ni sisi wazazi tunaofurahia na kuwapiga picha?

MamaNeema_Rau

Kaka, salaam kutoka Rau, Moshi. Mwanao amekuuliza swali lenyewe hasa, na kwa maoni yangu si ukosefu wa shukrani hata kidogo. Naomba uniruhusu nieleze kwa urefu, kwa sababu nilikosea kwanza ndipo nikajifunza.

Sisi tulisafiri miaka miwili iliyopita, kutoka Durban kama mnavyopanga ninyi, tukiwa na watoto watatu: mvulana wa miaka 17, binti wa 14 na mdogo wa 11. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hawezi kuona siku tupu asiipangie ratiba. Nilichukua lile karatasi la shughuli za siku ambalo mhudumu huliacha kitandani, nikalipigia mistari kwa kalamu nyekundu: saa mbili kifungua kinywa wote, saa tatu matembezi ya sitaha wote, saa nne mchezo wa maswali wote. Siku ya kwanza walinifuata. Siku ya pili binti yangu aligeukia ukuta akasema tumbo linamuuma. Chumba chenyewe kilikuwa na ukubwa wa mita za mraba kama 16, vitanda viwili chini na viwili vinavyoshushwa kutoka juu ya ukuta, hakina dirisha. Mtoto alilala ndani ya giza hilo hadi adhuhuri, nami nilikaa pembeni yake nikihesabu fedha tulizolipa.

Aliyetuokoa ni mdogo wake. Alikwenda kumwita akacheze mpira wa meza juu, kwa kuwa yeye alikuwa amekosa mwenzi. Binti alipanda kwa kusukumwa. Pale mezani palikuwa na wasichana wawili wa umri wake, wenyeji wa Pietermaritzburg, mji ulio karibu na Durban. Hawakuulizana majina, walianza kwa kupokezana kibao. Neema wangu alikuwa anaogopa Kiingereza chake mbele ya watu wanaokizungumza tangu utotoni, lakini mpira wa meza hauhitaji sentensi ndefu. Jioni ile nilimtafuta chumbani nikakuta ameandika kwa kalamu ya wanja juu ya boksi la karatasi laini: «Mama niko ghorofa ya 13 na akina Thandi, tumbo limepona.» Boksi lile ninalo hadi leo.

Kuanzia hapo niliacha kalamu nyekundu. Kampuni nyingi kubwa za meli hizi zina vyumba maalumu vya vijana, na huwagawa kwa umri, wenye miaka 12 hadi 14 mahali pamoja na wenye 15 hadi 17 mahali pengine, wakiwa na wasimamizi vijana waliofundishwa kazi hiyo. Fahamu mapema kwamba wako wawili watatenganishwa, kwa kuwa mmoja ana 13 na mwingine 16. Usipigane na utaratibu huo, kwani mvulana wa miaka 16 akiambatanishwa na mdogo wake kutwa nzima atakuwa yaya, naye mdogo atakuwa mzigo, na wote wawili watarudi na kinyongo. Jambo la pili ni kwamba wapeleke usiku ule ule wa kwanza. Urafiki wa vijana melini hufungwa saa chache za mwanzo, na anayejitokeza siku ya tatu huwakuta wenzake wameshakuwa na utani wao, mahali pao pa kukaa na majina waliyopeana.

Kisha kuna usingizi, ambao sisi wazazi wa Kitanzania tunauita uvivu. Mtoto akishabalehe, saa ya mwili wake husogea mbele: ile homoni ya usingizi iitwayo melatonini huanza kutoka akiwa amechelewa kuliko alipokuwa mdogo, kwa hiyo usiku yuko macho na asubuhi yuko hoi, ilhali bado anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Ndiyo sababu mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za sekondari zisianze masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Nyumbani tunamwamsha kwa sababu kuna shule na kuna kazi. Melini chakula kipo hadi karibu adhuhuri na hakuna daladala la kuwahi, basi mwache alale hadi saa nne, utaona uso mwingine kabisa.

Lakini jambo ninalotaka ulichukue zaidi ni hili. Nilipokuwa nimekaa sitahani nikiwatazama kwa mbali, nilijiuliza ni wapi nimewahi kuona watoto wakubwa wakiwa hivi, na jibu lilikuwa kihambani kwetu Kilema, lile shamba la ukoo la migomba, Desemba, miaka ya themanini. Tulikuwa binamu kumi na wanane. Tulikuwa tunatoka asubuhi baada ya chai, tunashuka mtoni, tunapanda kwa shangazi, tunakula mtori kwa mama huyu na ndizi nyama kwa yule, na hakuna aliyetutafuta hadi giza, kwa sababu kila mtu mzima njiani alikuwa anatujua sisi ni wa nani. Wazazi walikuwa karibu bila kutukodolea macho. Meli ina kitu hicho hicho kwa njia ya chuma na umeme: kijana anaweza kupotea machoni pako asipotee kweli, chakula kipo kila pembe, na wenzake wa rika wapo tele. Hawezi kutoka nje, gari halimgongi, na kurudi chumbani ni suala la ngazi na lifti. Kwa mvulana wa bweni anayepigiwa kengele ya kuamka, ya kula na ya kulala, huo uhuru wa kuchagua aende kushoto au kulia ni zawadi kubwa kuliko bwawa lolote.

Sasa rudi kwenye swali lake: «Tutakuwa na nani huko?» Wewe ulijibu kwa kumtajia wazazi. Je, kaka yako hana watoto?

BabaWawili_Njiro

Mama Neema, nimesoma mara mbili na nimemsomea mke wangu. Kaka anao, wa miaka 14 na 17. Ni kweli kabisa, sikuwataja. Nilimtaja baba yao tu.

Mhudumu_Majengo

Wapendwa, nami nichangie. Nimehudumu mezani katika meli za kitalii kwa mikataba mitatu, kila mmoja wa miezi isiyopungua sita, nyingi ya safari hizo zikiwa za bahari ya Karibi, kabla sijarudi Majengo, Moshi, kuendesha mgahawa wangu. Mhudumu wa mezani anawaona abiria wale wale kila jioni katika meza ile ile, kwa hiyo tunaziona familia kuliko zinavyojiona zenyewe.

Usiku wa kwanza kijana wa miaka 15 huja na mikono ameikunja kifuani, anajibu kwa kichwa, anataka kuku wa kukaanga na chipsi katika karatasi yenye vyakula kumi na vinne. Usiku wa tatu kiti chake hukaa wazi kwa robo saa, halafu anakuja mbio, nywele mbichi, anakula haraka na kuuliza kama anaweza kuondoka. Usiku wa mwisho nilikuwa ninawaona ngazini wamekumbatiana wanalia, watoto waliofahamiana kwa wiki moja. Sikuwahi kuwacheka. Nilikuwa ninamkumbuka mdogo wangu siku tulipoagana stendi.

Si wote wanaofika huko. Wapo walionuna hadi mwisho, na nikitazama nyuma naona walikuwa wa aina mbili. Wapo waliosafiri nje ya likizo ya shule, wakajikuta ni vijana sita kati ya abiria elfu mbili wenye mvi. Baba Wawili, ninyi mmechagua katikati ya Desemba wakati shule za Afrika Kusini nazo zimefungwa, kwa hiyo hilo halitawasumbua, ingawa nauli ya wakati huo huwa juu zaidi. Na wapo ambao wazazi wao waliwashika mkono kila mahali kwa kuogopa. Hao ndio waliokuwa wakinisikitisha.

Kwa hofu ya mama, nitasema ninachokijua kazini. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na ilidhihirika kwamba abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi la dharura. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa: sasa zoezi hilo hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, na kila abiria, mtoto na mzee, lazima ajue kituo chake cha kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Msilikimbie zoezi hilo. Mwambie mvulana wako ndiye atakayemwonyesha mama yake kituo cha familia, aifuate njia kwa miguu kutoka chumbani hadi pale, mara mbili, mchana na usiku. Kijana akipewa jukumu la kweli hubadilika, na mama akiongozwa na mwanawe hutulia. Katika meli kadhaa kubwa vijana wa chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuzurura baada ya saa saba usiku bila mtu mzima, na walinzi hulisimamia. Ulizeni kampuni yenu inasemaje.

Nimkumbuke kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa anakuja mezani kabla ya wazazi wake ili anihoji kuhusu Tanzania. Nilimweleza kwamba Ziwa Tanganyika lina meli, MV Liemba, iliyoundwa katika kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Nikamwambia kwamba kiwanda kile kile cha Meyer kingali kinaunda meli kubwa za kitalii, na chenzake cha Turku, Finland, ndicho baadaye kilichounda Icon of the Seas, yenye urefu wa mita 365 na nafasi ya abiria wapatao 7,600, iliyoanza safari Januari 2024. (Hilo la mwisho nilimwandikia, kwa kuwa tuliendelea kuwasiliana.) Kijana aliyenuna mbele ya baba yake alikuwa na maswali ishirini kwangu, kwa sababu nilikuwa ninamjibu kama mtu mzima mwenzangu.

Msisahau bahashishi. Kampuni nyingi hutoza kiasi fulani kwa kila abiria kwa kila siku, mtoto pia, na katika meli zinazotoka Marekani ni kama dola 16 hadi 20. Ulizeni mapema ili isije kuwa ugomvi siku ya kushuka.

MzeeKibosho

Wanangu, nimefuatilia kwa utulivu na ninaomba nisikike. Ninachokisikia ni kwamba mtalipa fedha nyingi ili watoto wasiwe nanyi. Mama Neema anasema aliwatazama kwa mbali. Mhudumu anasema kiti kilikuwa wazi mezani. Kama kijana yuko bweni miezi tisa na likizo yake anaipeleka kwa wageni wa Pietermaritzburg, ni lini atakaa na baba yake? Na hicho kihamba mnachokisifu bado kipo. Migomba ipo, mto upo, bibi yupo na anasubiri. Vijana wanakuja Desemba wanakaa siku tatu, wamekaa kwenye gari mchana kutwa wakichaji simu, kisha wanaondoka. Kwa nini tutafute baharini kilichoko mlimani bure?

MamaNeema_Rau

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni nzito na sitaikwepa.

Kuhusu kukaa na wazazi, sisi tulikuwa na sharti moja: chakula cha jioni ni cha familia, saa moja na nusu, hakuna udhuru, na simu zinabaki chumbani. Mengine yote yalikuwa hiari. Nikuambie, mzee, ile saa moja na nusu ya mezani ilikuwa na mazungumzo mengi kuliko mwezi mzima wa nyumbani, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwenda mahali pake na alikuwa na la kusimulia. Mvulana wangu wa miaka 17, ambaye nyumbani hunijibu kwa neno moja, alitusimulia kwa dakika ishirini jinsi mashua ndogo zinavyowachukua abiria kutoka melini hadi ufukwe wa Pomene, Msumbiji, kwa kuwa meli hutia nanga mbali. Alikuwa amesimama karibu na mwendeshaji akimwangalia anavyolisubiri wimbi. Mtoto anayekuwa nasi kila dakika hana cha kutuletea.

Kuhusu kihamba, unasema kweli na inaniuma. Lakini vijana wanakaa ndani ya gari kwa sababu tumewaondolea lile lililotufurahisha sisi. Binamu hawaji siku moja: huyu anakuja tarehe 23, yule tarehe 27, wengine hawaji kabisa. Wakifika tunawakalisha sebuleni wasalimie wageni na kupokea sahani, kisha tunawakataza kwenda mtoni. Mvulana wa Arusha hamjui hata mmoja wa vijana wa jirani yake wa kihambani. Angekuwa nao kumi wa rika lake, hata hiyo simu ingezimika mfukoni asijue.

Dereva_Sakina

Nikazie kidogo kwa upande wa nchi kavu, kwa kuwa ninawaendesha watalii kwenda Ngorongoro na Serengeti. Familia yenye kijana mmoja peke yake katika gari, kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, saa saba na zaidi, kijana huyo hulala. Familia mbili zenye vijana wanne katika gari moja, wakiwa na darubini na kitabu cha ndege, hunichosha kwa maswali na hawataki kurudi kambini. Barabara ni ile ile na simba ni wale wale.

Binti_Sekei

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 19 na ninasoma mwaka wa kwanza chuoni. Naomba niseme kwa upande wa sisi tunaojadiliwa.

Nilipelekwa safari ya meli nikiwa na miaka 15, na shangazi aliyekuwa anaishi Uingereza, pamoja na wazazi wangu. Siku mbili za mwanzo nilichukia. Sikumchukia mtu. Nilikuwa ninaona haya. Nilikuwa nimenunuliwa vazi la kuogelea ambalo mama aliliona ni la heshima na mimi niliona ni la mtoto, na kila nilipokaribia bwawa nilikuwa naona watu wote wananitazama. Nilikuwa pia mwenye ngozi nyeusi peke yangu katika kile chumba cha vijana usiku wa kwanza. Mtu mzima anaweza kusema hayo ni mambo madogo. Kwa miaka 15 ni makubwa, na sikuwa na namna ya kumwambia baba aliyelipa fedha zote zile, kwa hiyo nilisema «sawa baba», kama huyo mdogo wangu wa Njiro.

Kilichonisaidia ni kwamba shangazi hakuniuliza kama nimefurahi. Aliniuliza kama nataka kwenda naye kutazama machweo upande wa nyuma, mahali ambapo watu hawajazani, tukakaa pale kimya tukitazama povu jeupe linavyoachwa na meli. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwenye darasa la kucheza muziki. Baba na mama nao wakaacha kunipiga picha. Ninawaomba wazazi msiwapige picha vijana wanapokula, na msiziweke kwenye kundi la familia kabla ya kuwauliza.

Kuhusu intaneti, huyo binti wa miaka 13 anaogopa kupotea kwa rafiki zake. Mnunulieni siku moja tu, ya katikati, awape salamu. Mkimnyima kabisa atakaa anaiwaza, na mkimpa yote atakaa chumbani. Mimi nilipewa siku moja, na nilipofika siku hiyo nilitumia nusu saa kisha nikatoka.

Na kwa kichefuchefu: nililala mchana wa kwanza nikidhani nitakufa. Yule shangazi alinitoa nje akaniambia nitazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Sikio la ndani linahisi mwendo na macho yakiwa chumbani yanaona ukuta uliotulia, ndipo kichwa kinachanganyikiwa. Nilipotazama mbali nilipata nafuu. Chagueni chumba cha katikati ya meli na ghorofa za chini, huko kutikisika ni kidogo.

BabaWawili_Njiro

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuzungumza na wanangu, na kijana yuko shuleni, sikuweza kumwona hadi jana mchana, siku ya kutembelewa. Binti yangu wa Sekei, nimekuelewa na ninakushukuru kwa ujasiri wako. Mzee Kibosho, shikamoo, maneno yako sijayaweka kando.

Nilimkuta mvulana chini ya mti pale shuleni, nikampa chipsi na kuku alizoagiza, nikamwomba radhi kwamba sikumjibu swali lake vizuri siku ile ya njumu. Nikamwambia watoto wa baba mkubwa watakuwepo wote wawili, na kwamba kuna chumba cha vijana wa rika lake ambako mimi siingii. Akauliza kama kweli siingii. Nikamwambia siingii. Nikamweleza sharti la chakula cha jioni, akakubali bila kubishana. Kisha nikampa kazi ya kituo cha dharura kwa niaba ya mama yake. Hapo ndipo aliacha kula. Aliniuliza jaketi zinakaa wapi, mashua za kuokolea ni ngapi, na kama mama akiogopa ngazi usiku itakuwaje. Nilijibu nilichokijua, na kilichobaki amesema atakisoma mwenyewe akifunga shule.

Mama yake nilimsimulia haya njiani tukirudi. Hakusema neno hadi tulipofika Kisongo. Halafu akasema, «Kama ni yeye atakayenionyesha njia, nitapanda.»

Lakini kuna jambo lililonishika zaidi. Tukiwa tunaagana, kijana aliuliza kama Elia anaweza kwenda. Elia ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 15, analelewa na bibi yake pale Marangu. Ndiye pekee kati ya binamu zao anayekaa kihambani mwaka mzima, na ndiye huwapeleka mtoni kila Desemba, wakifika na wazee wakiwaruhusu. Sikuwa nimemfikiria. Kaka naye hakuwa amemfikiria.

Jana usiku nilimpigia kaka. Tumekubaliana kuacha vyumba vyenye roshani tulivyokuwa tumevichagua na kuchukua vya ndani, na tofauti ya bei imlipie Elia. Wasichana watalala na mama zao, wavulana na baba zao. Binti amekubali intaneti ya siku moja. Na Mzee Kibosho, tarehe 20 Desemba tutakuwa Marangu, kaka ameahidi kuwaleta watoto wake pia badala ya kubaki Johannesburg, na watakaa hadi mwaka mpya, wote watano kwa pamoja, na nimemwambia mama yangu kwamba mtoni wataruhusiwa.

Kwa kuwa Elia atasafiri bila wazazi wake, atahitaji hati ya kiapo ya mlezi pamoja na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama yake na pasipoti, ambayo hana. Jumamosi asubuhi ninapanda Marangu kuvichukua hivyo vyeti kwa bibi. Mwenye uzoefu wa kumwombea pasipoti mtoto anayelelewa na bibi, naomba anielekeze nianzie ofisi ipi, Moshi au Arusha.